Je, Miaka Yake Miwili Ilipotea Bure?



Vijana wenzangu, leo nataka tutafakari swali moja nililoulizwa na kijana asiye Mkatoliki. Kusema kweli, digrii ya falsafa haikunipa jibu lake la haraka haraka. Swali lenyewe ni hili: mtu akitoa sadaka kubwa ya maisha yake kwa ajili ya imani ambayo sisi tunaona si ya kweli, je, sadaka hiyo inapotea bure?

Najua wapo watakaosema, "Frateri, hilo nalo ni swali? Imani yenye makosa ni yenye makosa, basi." Na wapo watakaosema, "Mungu anaangalia moyo tu, dini si kitu." Majibu yote mawili ni mepesi, na kila moja lina hatari yake. Twende polepole.

Vijana wa shati jeupe

Pengine umewahi kuwaona mitaani Nairobi au Dar es Salaam: vijana wawili, shati jeupe, tai, kibao kidogo cheusi kifuani chenye jina. Hao ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi tunawaita Wamormoni. Dini yao ilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York, Marekani, tarehe 6 Aprili 1830, siku chache baada ya Kitabu cha Mormoni kuchapishwa. Makao yao makuu yako Salt Lake City, Utah.

Wavulana wanakwenda utume kwa miaka 2, wasichana kwa miezi 18. Tangu mwaka 2012 mvulana anaruhusiwa kuanza akiwa na miaka 18 tu. Hachagui aendako. Anajaza fomu, anasubiri, na barua kutoka makao makuu inamwambia: wewe Brazili, wewe Japani, wewe Norwei. Hapewi mshahara, yeye na familia yake ndio wanaochangia gharama. Anaamka saa 12:30 asubuhi, analala saa 4:30 usiku, na kwa miaka yote miwili hana mambo ya uchumba. Haruhusiwi kukaa peke yake. Daima yuko na mwenzake, wawili wawili, kama wale Bwana wetu aliowatuma katika Luka 10. Zamani alikuwa anapiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Akina Mama. Ni mwaka 2019 ndipo waliporuhusiwa kupiga kila wiki. Na juu ya yote hayo anaitwa "Mzee". Mzee wa miaka 18, ndevu bado zinatafuta njia!

Tunaweza kucheka kidogo, sawa. Lakini jiulize: ni wangapi katika kwaya yetu, katika VIWAWA, katika jumuiya zetu ndogo ndogo, wangekubali barua kama hiyo?

Finnmark, mahali jua linapogoma

Kijana ninayemzungumzia nilimfahamu nikiwa katika mwaka wa uchungaji parokiani. Alikuja wilayani na mradi wa visima, akapewa chumba kwenye nyumba ya wageni ya parokia. Alikuwa na miaka 26, mzaliwa wa Utah, na utume wake alikuwa ameumaliza miaka kadhaa nyuma. Jioni tulikuwa tunakaa barazani tunapiga stori, mimi na chai yangu, yeye na maji ya moto yenye tangawizi, kwa sababu dini yake inamkataza chai na kahawa.

Utume wake aliufanyia Norwei, na miezi 11 kati ya hiyo alikuwa Finnmark, kaskazini kabisa. Finnmark ni kubwa kuliko nchi nzima ya Denmark, lakini wakazi wake ni kama 75,000 tu, idadi ambayo kata moja ya Dar es Salaam inaweza kuijaza. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Saa sita mchana kunakuwa na mwanga wa bluu kidogo, halafu giza linarudi. Huko bara, kwenye vijiji vya Wasami wanaofuga wale wanyama wa jamii ya kulungu wenye pembe kubwa, baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, wakati mwingine zaidi. Aliniambia kope zinaganda ukipepesa macho, na gari unalichomeka kwenye umeme usiku kama simu, ili asubuhi injini iwake.

Sasa fikiria kazi yake: kugonga milango. Kwetu ukisema "hodi", hata mtu asiyekutaka atasema "karibu" kwanza, mengine baadaye. Kule mlango unafunguliwa kidogo, mtu anaona kile kibao cheusi, anasema "hapana, asante" kwa upole kabisa, na mlango unafungwa. Nyumba inayofuata iko mbali, theluji iko magotini. Wengi wa wenyeji ni Walutheri, na baadhi wana mizizi mirefu katika uamsho wa mchungaji Lars Levi Laestadius wa karne ya 19, watu wanaoichukulia Biblia kwa uzito. Wengine hawana habari na dini yoyote. Katika miezi yote 11, yeye na wenzake hawakubatiza hata mtu mmoja.

Basi jioni moja akaniuliza. Nayatafsiri maneno yake: "Frateri, wewe unaamini Kanisa langu si la kweli. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ile miaka yangu miwili ilipotea?"

Hakuwa anatania. Na alistahili jibu la mtu anayemheshimu.

Sadaka haithibitishi ukweli

Jambo la kwanza ni gumu kidogo, lakini lazima lisemwe. Ukubwa wa sadaka hauthibitishi ukweli wa kile unachokitolea sadaka. Nietzsche, adui mkubwa wa Ukristo, alisema kwamba kufa kwa ajili ya jambo hakulifanyi jambo hilo kuwa kweli. Hapo hakukosea. Na karne nyingi kabla yake Mtakatifu Augustino alikuwa ameshafundisha kwamba mateso peke yake hayamfanyi mtu kuwa shahidi, bali sababu ya mateso hayo. Mtume Paulo naye, katika Warumi 10:2, anawashuhudia ndugu zake kwamba wana juhudi kwa ajili ya Mungu, lakini juhudi isiyotokana na ujuzi wa kweli. Ona, hadharau juhudi yao. Lakini haiiti ukweli.

Nasema hivi kwa sababu nimewasikia vijana wetu wakisema, "Wale jamaa wanajitoa kuliko sisi, kwa hiyo dini yao ndiyo yenyewe." Hapana, ndugu yangu. Kama hoja ni hiyo, itabidi tufuate kila mtu anayeteseka kwa ajili ya jambo lolote, na wengine wanateseka kwa mambo yanayopingana kabisa.

Tofauti kati yetu na Wamormoni si ya nyimbo na mavazi. Wao wanafundisha kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu tofauti zilizoungana katika nia, na kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Sisi tunakiri Mungu mmoja katika Nafsi tatu, wenye umungu mmoja. Ndiyo maana mwaka 2001 Vatikano ilitoa jibu rasmi kwamba ubatizo wao si halali kwetu, japokuwa wanatumia maji na kutaja majina yale yale. Mwaprotestanti wengi wanapojiunga na Kanisa Katoliki hawabatizwi upya, Mmormoni anabatizwa. Hilo si dharau. Ni kusema tu kwamba majina ni yale yale, ila kinachokusudiwa kwa majina hayo si kile kile.

Haya yote nilimwambia. Hakukasirika, alikuwa ameshayasikia kwenye milango mingi, tena kwenye baridi.

Lakini dhamiri inafunga

Je, basi tuseme ilipotea? Hapa ndipo Mtakatifu Thoma wa Akwino anapotushangaza. Katika Summa Theologiae anauliza: mtu ambaye akili yake imekosea, anafungwa na dhamiri yake? Anajibu ndiyo. Tena anatoa mfano mzito mno: mtu ambaye akili yake inamwonyesha kwamba kumwamini Kristo ni ubaya, akienda kuamini huku anaona anafanya ubaya, utashi wake unakuwa mbaya. Soma tena polepole. Mwalimu wa Kanisa, mtakatifu, anasema hivyo kuhusu imani yetu wenyewe! Kwa nini? Kwa sababu utashi unafuata kile ambacho akili inauonyesha kuwa chema. Mtu akikikanyaga anachokiona kuwa chema, ameukanyaga wema wenyewe, hata kama macho yake yalikosea.

Ila Thoma haishii hapo. Mara moja anaongeza swali la pili: dhamiri iliyokosea inamwondolea mtu hatia? Anajibu: inategemea. Kama hakujua bila kosa lake, ndiyo. Kama hakujua kwa uzembe, kwa sababu hakutaka kutafuta, hapana. Kwa hiyo dhamiri si kichaka cha kujificha. Anayesema "dhamiri yangu safi" huku hajawahi kufungua Katekisimu wala kuuliza swali moja la maana, huyo bado ana deni.

Kijana wa miaka 18 aliyelelewa katika imani ya wazazi wake, aliyesali, akaona kwamba Mungu anamtaka aende, akaacha chuo na marafiki akaenda kwenye giza la Finnmark: alifuata nuru aliyokuwa nayo. Mungu anayeona sirini halali usingizi. Siwezi kuamini kwamba utii ule ulidondoka chini kama theluji ukayeyuka.

Kama nia inatosha, ukweli wa nini?

Hapa mwenye akili atanishika. "Frateri, kama nia njema inatosha, basi kila mtu abaki alipo, na ninyi mnasoma teolojia miaka yote hiyo ya nini?"

Chukua mfano. Kijana ametumwa usiku kumpelekea dawa bibi mgonjwa, kijiji cha ng'ambo ya mto. Aliyemwelekeza njia amekosea. Kijana anatembea usiku kucha, mvua inamnyeshea, alfajiri anafika kijiji kingine kabisa. Upendo wake ulikuwa wa uongo? Hapana. Bibi amepata dawa? Hapana. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na hakuna moja linalofuta lingine. Na mtu anayempenda yule kijana hatamwambia, "Mradi ulikuwa na nia njema, kalale." Atamwonyesha daraja lilipo, kwa sababu kijana mwenyewe ndicho anachokitaka: dawa ifike.

Kwa hiyo nia njema haiufanyi ukweli kuwa kitu cha ziada. Ni kinyume chake. Kadiri mtu anavyojitoa zaidi, ndivyo anavyostahili zaidi kujitoa kwa kilicho kweli. Kumwambia mtu aliyetoa miaka miwili ya ujana wake kwamba "dini zote sawa tu" ni kumtukana. Ni kama kumwambia hata ungeshinda nyumbani unacheza gemu ingekuwa yale yale.

Bila shaka yeye naye anaamini kwamba aliyekosea njia ni mimi. Ndiyo maana tunahitaji hoja, sala na subira, si kelele wala nguvu. Norwei yenyewe ni shahidi wa jambo hili. Mwaka 1853 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba Wamormoni hawalindwi na ile sheria ya mwaka 1845 iliyowapa uhuru Wakristo wasio Walutheri. Lakini nchi hiyo hiyo iliwapiga marufuku watawa Wakatoliki hadi mwaka 1897, na Wajesuiti hadi mwaka 1956! Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya uhuru wa dini ya mwaka 1965, unafundisha kwamba ukweli unaingia akilini kwa nguvu ya ukweli wenyewe, kwa upole. Mlango uliovunjwa haujafunguliwa.

Beleshi baada ya "hapana"

Nilimuuliza jambo moja analolikumbuka zaidi. Nilidhani ataniambia kuhusu baridi. Akaniambia kuhusu bibi mmoja mjane.

Bibi huyo aliwakaribisha ndani mara ya kwanza kwa sababu aliwaonea huruma. Akawaandalia kahawa, wakakataa, akashangaa, akawapa sharubati ya moto ya matunda. Aliwasikiliza, halafu akasema waziwazi: kitabu chenu sikitaki, nitazikwa Mlutheri kama mama yangu. Kwa hesabu za kazi, hapo walitakiwa kumfuta kwenye orodha na kwenda nyumba nyingine. Lakini walikuwa wameona njia yake imezibwa na theluji, na mgongo wake haukuwa na nguvu tena. Wiki iliyofuata wakarudi na beleshi. Na iliyofuata. Majira yote ya baridi. Dini hawakuitaja tena, isipokuwa yeye akiuliza. Siku ya kuagana bibi akamwambia, "Dini yenu siielewi. Lakini mwaka huu sikuwa peke yangu gizani."

Vijana, mimi naona jibu kubwa liko hapo. Kuna wema ambao ni chambo tu: nakusaidia ili nikuvue, na ukikataa ndoano yangu nakuacha ufe na njaa. Mwanafalsafa Kant alisisitiza kwamba mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo lingine. Sasa utajuaje kama wema wako ni chambo au ni upendo? Angalia unafanya nini baada ya kuambiwa "hapana". Beleshi la kabla ya "hapana" linaweza kuwa chambo. Beleshi la baada ya "hapana" ni upendo, na Paulo anatuambia katika 1 Wakorintho 13 kwamba bila upendo hata kuutoa mwili uungue si kitu. Rudi kwenye mfano wangu: yule kijana mwenye dawa, katika njia ile isiyo sahihi, alimkuta mgonjwa mwingine akambeba mgongoni. Njia haikuwa yenyewe, lakini mgonjwa alikuwa wa kweli. Na katika Mathayo 25 Bwana anasema nani alikuwa ndani ya mgonjwa yule.

Hivyo nikamjibu: "Naamini ulichohubiri kina makosa, na ningetamani uujue utimilifu wa imani. Lakini ulichompenda bibi yule hakikupotea, na hakitapotea." Alikaa kimya kidogo, akasema, "Nami naamini wewe ndiye uliyekosea. Ila hilo naweza kuishi nalo." Tukacheka, tukaenda kulala. Hajawa Mkatoliki, na mimi bado ni frateri. Namwombea, na aliniahidi ananiombea.

Sasa wewe je?

Mambo matatu ya kuondoka nayo.

La kwanza, wakija kwako kubisha hodi, usiwafungulie mbwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wape maji, wasikilize, na ujibu kwa upole na heshima kama 1 Petro 3:15 inavyotuagiza. Yohane alipotaka kumzuia mtu aliyetenda kwa jina la Yesu bila kufuatana nao, Yesu alimkataza. Lakini upole bila majibu ni nusu ya agizo. Petro anataka tuwe tayari kutoa sababu za tumaini letu. Kama hujui kwa nini unasali "kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu", anza leo. Muulize katekista wako.

La pili, usipime utume kwa idadi. Huko huko kaskazini, katika mji wa Tromsø, wapo masista Wakarmeli waliofika mwaka 1990, wengi wao kutoka Poland. Wao hawagongi mlango wa mtu. Wanasali ndani ya kuta zao, jua liwepo lisiwepo. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu hakutoka katika Karmeli yake ya Lisieux, na mwaka 1927 Kanisa likamfanya msimamizi wa misioni. Mbegu si zetu, na mavuno si yetu.

La tatu, chunguza beleshi lako. Yupo mtu aliyekwambia "hapana": rafiki aliyeacha kwenda kanisani, dada aliyekataa kujiunga na kwaya, jirani wa dini nyingine. Ulimfuta kwenye orodha? Wiki hii mtembelee. Usimtajie kitu. Msaidie tu kazi moja.

Tuombe: Ee Yesu, njia, ukweli na uzima, utupe kuupenda ukweli kiasi cha kuutafuta kila siku, na kuwapenda watu kiasi cha kubaki nao hata wanapotukatalia. Uwabariki vijana wote wanaokutafuta kwa nuru waliyo nayo, uwafikishe, pamoja nasi, kwako wewe uliye nuru kamili. Amina.

Tafakari njema.